Radio Ndani ya Banjo

Kibua, 6/3/2000

Kwa shemeji Nzabandora, pale juu Rubaya,

Salamu zangu zinatoka mu musitu zikipanda mulima, pokea hata kama zimefika na matope. Umelalaka namna gani? Mama mukwe, mugongo wake unamuacha apige jembe? Viazi vilitoka ao mvua ilivikula? Kétsia alimaliza kikohozi? Na Verdiane, dada yako, bibi yangu, anakulaka vizuri? Usinijibu «sawa» tu kama unavyozoea. Nijibu muntu na hali yake.

Mimi niko muzima. Si muzima tu, nimenona. Shati ya ndoa inakataa kufungwa ku tumbo. Unajua mimi nimetembea. Kampala nimefika, Bunia nimefika, Kisangani nilipanda lifti ya hoteli, ikakwama na mimi ndani, nikaimba mpaka wakanitoa. Lakini mahali panaponipenda sawa hapa Kibua sijaona. Duka langu njo duka. Chumvi, sabuni, betri, ndala, yote iko. Basoda wenye bunduki wanaingia kwa wengine na kujichukulia, kwangu wanavua kofia. Komanda mwenyewe tunakulaka naye sahani moja.

Shemeji, niliwaacha bibi na mutoto kwenu nikisema nitarudi kisha wiki chache. Vita ikakata njia, mwaka ukapita. Sasa njia imepumua kidogo. Shangazi yangu Mama Kyakimwa, yule wa vitenge, atapita Rubaya kisha Pasaka. Nakuomba mupatie Verdiane na Kétsia, atembee nao mpaka hapa. Ku bariere za basoda njiani atasema huyu ni bibi ya mwana wetu, sisi Wanande wa biashara, na hakuna atakayetafuta jina la baba yake. Mama Kyakimwa anajua namna ya kusema na bariere. Anawapigia kelele kama watoto wake, wanafungua.

Habari ya furaha nimeiweka mwisho. Banjo yangu imepona! Niliondoa ngozi, nimeweka radio. Shemeji, hautaamini. Mbele nilikuwa nasikika mpaka ku mulango tu. Sasa nasikika mpaka ng'ambo ya muto. Basoda wa bariere ya pili wananiambia: «Mbusa, jana jioni tulikupata sawasawa, hata neno moja halikupotea.» Kila jioni wananingojea.

Floribert atakuletea hii barua na bidon ya mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Mafuta ni ya mama mukwe, usiuze.

Mimi shemeji wako anayekupenda hata ukikunja uso,
Mbusa


Rubaya, 28/3/2000

Kwa shemeji Mbusa,

Nimekusalimia. Mama anapiga jembe. Viazi vilitoka, vidogo. Kétsia alipona. Verdiane anakula. Mafuta yalifika.

Barua yako nayo ilifika, lakini bahasha ilikuwa na gamu ya mara mbili: gamu yako, na gamu ya muntu mwingine juu yake. Nilimuuliza Floribert, akaapa kwa mama yake. Simuamini, wala simuhukumu. Ku njia kuna bariere nyingi na watu wanaojua kusoma.

Niliisoma mimi peke yangu, kisha nikaichoma mu makaa ya mbabula. Verdiane sikumuonyesha.

Shemeji, nakuuliza kama ndugu. Kile kitu ulichoweka mu banjo, sitakitaja jina, nani alikupa? Kwa nini wewe, kati ya wafanyabiashara wote wa Kibua? Jioni unasema na nani? Na kwa nini wenye bunduki wanavua kofia kwako, wakati hapa wanavua watu viatu?

Wewe unafikiri kila kitu ni mchezo. Hapa ku machimbo, kijana mumoja alikutwa na kitu kama chako ndani ya mufuko wa udongo. Walimupeleka kuulizwa. Mama yake bado anamupikia.

Tangu utoto nasikia banjo za ngozi. Ngozi ya mbuzi inamutosha muntu asiye na neno la kutuma mbali. Uliondoka hapa na ngozi. Kama uliiondoa, ulikuwa na sababu, na sababu hiyo inanilaza macho wazi.

Verdiane hatatoka hapa mpaka nielewe. Jina lake unalijua. Jina la Muhawenimana, jina la Kinyarwanda, halipite ku bariere kimyakimya, na siwezi kumupeleka mu nyumba yenye kitu hicho.

Choma hii.

Shemeji wako,
Nzabandora


Kibua, 10/4/2000

Kwa shemeji mukali kuliko pilipili,

Hujambo na hasira yako? Mama hajambo? Nafurahi Kétsia amepona, nilimuchezea wimbo muzima kwa kushukuru. Mimi niko salama, ni roho tu inayoniuma, na wewe njo uliyeiuma.

Sasa nimeelewa. Nilisoma barua yako mara nyingi nikisema huyu muntu amekunywa nini, kisha Mungu akanifungua akili. Ni ile ngozi! Mbuzi ambayo baba yenu, Mungu amupumzishe, alichinja siku alinipa Verdiane. Ngozi yake mulinipa ninyi wenyewe, nikaipiga misumari ku banjo mbele ya wakwe wote. Na mimi mujinga nimeiondoa bila kutuma hata neno. Shemeji, nisamehe! Kwenu hiyo ni kumutupa dada yenu, najua. Lakini sikuitupa. Imekunjwa vizuri mu sanduku, pamoja na ngwanda za padri nilizonunua Butembo zikakosa mununuzi.

Acha nikufundishe, maana wewe unapiga besi tu, na mupiga besi hajui mateso ya ngozi. Kule Rubaya hewa ni baridi na kavu. Ngozi ya mbuzi inakaa imekazika, unaipasha kidogo juu ya mbabula, inalia tamu: tum, kisha inanyamaza, inaachia muimbaji nafasi. Ndiyo sauti ya ndoa. Lakini huku Kibua mvua inalala na sisi kitanda kimoja. Ngozi inakunywa maji ya hewa, inalegea kama utumbo wa mbuzi mwenyewe. Ukigonga, inasema «bu», kama muntu aliyeamushwa. Kwa muda unaopiga nyimbo mbili, umepasha moto mara tatu.

Nikajaribu ngozi ya ndama. Nene. Inatoa sauti ya padri aliyeshiba. Nikajaribu mboloko, yule swala mudogo wa hapa: nyembamba, kali, tamu sana, kisha ikapasuka mbele ya watu nikabaki napiga hewa. Nikajaribu shitingi, ile turubai ya wakimbizi. Shemeji, kila muntu alifikiri mvua imeanza, wakakimbia kuanua nguo. Nikakata bidon ya njano: ni kama kugonga mutungi wa mukwe asiyekupenda.

Kisha radio. Radio haikunywe maji. Haiogope mvua wala jua. Ni nyembamba, inakazika, ukigusa kamba inalia «teng!» na ile teng inaenda, inaenda, haitaki kufa. Kweli, haina utamu wa mbuzi, inakata sikio kidogo. Lakini mu musitu wenye miti ya namna hii, sauti tamu inafia ku mulango. Sauti kali njo inatoka.

Unauliza nani alinipa. Nitakuficha nini? Ni Komanda. Alirudi nayo toka Goma mwaka jana, ikawa imelala nyuma ya kabati yake. Nikamuomba, akasema chukua, mimi nitafanya nayo nini? Hata jina lake liko ku kona, limepigwa na mashine. Ni radio ya mukubwa, si ya muntu yeyote tu! Na jioni ninasema na nani? Na wote! Basoda, watu wa mafuta, wachimbaji wanaopita. Nani hapa hanisikilize?

Basi usiwe na kisirani. Verdiane akifika atanipiga kwa sababu ya ngozi yenu, nitainama, itakwisha. Muachie Mama Kyakimwa amulete.

Shemeji wako aliyepiga magoti,
Mbusa


Rubaya, 14/5/2000

Mbusa,

Umeamukaje. Kwetu hakuna mugonjwa.

Barua yako nimeisoma na nimepata jibu nililoliogopa, kwa mukono wako mwenyewe. Ni ya mukubwa wa basoda, jina lake liko juu yake, na jioni unasema na wote. Mengine yote ya mbuzi na ndama na padri aliyeshiba, naelewa ni maneno ya kufunika. Muntu hajazi kurasa tatu na ngozi kama hana kitu chini ya ngozi.

Sikutaka kukuhukumu na masikio yangu peke yake. Nilimuuliza muntu anayejua mashine hizo, bila kutaja jina lako, kama kitu kama hicho kinaweza kukaa ndani ya banjo. Akasema kinaweza, kidogo kinatosha.

Mama Kyakimwa alikuja. Alinipigia kelele mbele ya mama kama ulivyosema anapigiaka bariere. Lakini mimi si bariere. Alirudi mikono mitupu.

Verdiane na Kétsia nimewashusha Shasha, kwa mama mudogo Epiphanie anayeuza sambaza, wale samaki wadogo. Ku ziwa hawakujui. Nilimuambia Verdiane kwamba njia imefungwa. Alinitazama sana. Kama watu watakuja kuniuliza, nitasema nilikuwa na shemeji, alienda Walikale, habari zake sina.

Usiandike tena.

Nzabandora


Kibua, 2/7/2000

Kwa shemeji Nzabandora, soma hii mpaka mwisho, ndiyo uichome,

Nakusalimia na mudomo uliovimba. Mama mukwe iko? Verdiane iko? Kétsia wangu? Mimi niko hai. Leo sitajisifu, wewe furahia hiyo.

Walikuja kwangu dukani, mwangaza wa mchana, nikipimia mama mumoja chumvi. Wakorporali wawili na kundi nyuma yao.

«Mbusa, toa radio!»

«Radio gani?»

«Radio ya kusema na adui!»

«Mimi niko na radio moja tu, ile ya banjo.»

Wakatazamana. Mumoja akasema: «Munasikia? Anakubali mwenyewe!» Na mimi, akili ya darasa la tano primaire, bado nacheka. Nilifikiri wanataka wimbo.

Shemeji, walinipiga. Sitaandika namna gani. Banjo waliiweka katikati ya barabara, wakasimama mbali kama iko bomu. Korporali akaikaribia na sikio, akaigonga na kidole. «Teng!» Wote wakalala chini! Hata mimi ningecheka kama midomo ingekuwa inafungua. Wakanitupa mu kashoti, jela yao ya giza. Wakanisomea barua yako ya mwezi wa tano, waliyoikamata kwa Floribert. «Kitu kinaweza kukaa ndani ya banjo.» Walisoma sentensi hiyo kama Injili. Ndipo nikaelewa, shemeji. Mu ile giza, ndipo nikaelewa wewe ulikuwa unasikia nini miezi yote hii.

Nzabandora. RADIO YA HOSPITALI! Ile picha nyeusi wanayokupiga ukivunjika, inayoonyesha mifupa! Haujapigwaka radio, wewe? Docta hajasema «nenda upige radio»? Komanda alianguka na moto, pikipiki yake, ku njia ya Sake, wakamupiga radio ya kifua ku Goma, wakamupa akarudi nayo. Ni plastiki nyembamba, ngumu, pana kama sahani ya ugali. Niliikata mviringo, nikaipiga misumari ku sufuria ya banjo mahali pa ngozi. Ni hiyo tu. Mimi napigaka mbavu za muntu!

Komanda hakuwa hapa, alikuwa ameenda Walikale. Siku alirudi, niliomba kitu kimoja: wainue banjo mbele ya jua. Waliogopa, akainua mwenyewe. Mwanga ukapita. Mbavu zikaonekana, zile mbili zilizovunjika, na ku kona jina lake. Nikasema nimepona.

Akajishika kifua. Akauliza pole pole: «Mbusa, wewe unapigaka hizi mbavu kila jioni?» Nikasema ndiyo, mukubwa, kwa heshima. Akasema: «Ndiyo maana! Kila jioni kifua kinaniuma!»

Walitaka kunirudisha ndani kwa uchawi. Ni mufirmie, muuguzi wa hapa, aliyemutuliza, akamuambia mubavu uliounga vibaya unaumaka jioni, baridi ikishuka. Komanda ameniachilia, lakini nusu. Picha yake ameitoa ku banjo na mukono wake, akaifunga mu kitambaa, na duka ni sabuni tu wameacha. Hakuna anayevua kofia. Akipita, anajishika kifua na kunitazama.

Sasa ni zamu yangu kuuliza, na ninauliza bila kucheka. Barua yako waliikamata ku bariere wakati mimi nilikuwa tayari ndani. Kwa hiyo haikuwa barua. Muntu aliwaambia mbele, kabla ya barua. Mumoja wa basoda alisema: «Habari ilitoka Rubaya.» Rubaya mimi namujua nani, shemeji, zaidi ya wewe?

Sijui kama niendelee kukuita ndugu. Nimeanza mara mbili kuandika neno mbaya, nikakata. Niambie kweli, hata ikiwa chungu. Kisha nirudishie bibi yangu, maana banjo haina uso, na mimi sina muntu.

Mbusa, shemeji wako kama bado unataka


Rubaya, 23/7/2000

Kwa shemeji Mbusa,

Pole na mwili. Mama analia na kucheka kwa siku moja. Pole sana.

Kweli ni hii. Yule niliyemuuliza alikuwa Jules, anayeshika fonie ya maduka hapa, ile mashine ya kusema na wafanyabiashara wa mbali. Nilimuuliza tu kama radio inaweza kukaa ndani ya banjo. Alicheka. Alinijibu kinaweza, kisha kwa kuona ni mchezo akamuuliza mwenzake wa Walikale kupitia fonie: eti kwenu kuna banjo zenye radio? Na fonie, kila mwenye bunduki anaisikiliza. Banjo za huko ziko ngapi? Sikutaja jina lako, na nilikutaja zaidi kuliko kama ningelitaja. Nilikuwa nikiogopa wasaliti, na habari ilitoka kinywani mwangu.

Nilishuka Shasha na barua yako. Nilimusomea Verdiane mbele ya mama mudogo, ku jua, katikati ya sambaza. Nilipofika ku mbavu za Komanda, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza: «Barua zingine ziko wapi?» Nikasema nilichoma. Akasema: «Mume wangu anasema mbavu, wewe unasikia bunduki. Na mimi ulinisikia wapi?» Hajaniita kaka tangu hapo.

Anakuja. Sikumutuma, wala sikumuzuia. Mama Kyakimwa anapita wiki hii. Nilimuambia Verdiane kwamba mimi bado sijaamini. Pengine barua hii umeiandikishwa na bunduki ku kichwa, ili aje. Alijibu: «Hakuna soda anayeweza kubuni upumbavu wa namna hii. Huyu ni Mbusa.»

Anakuletea ngozi. Alichagua mwenyewe, ya mbuzi jike ambaye hajazaa, sehemu ya tumbo, amenyoa na wembe. Mama anasema uiloweshe mpaka ilegee, uifunge ikiwa mbichi, na uikaushe mu kivuli. Ku jua itajikunja na kupasuka.

Akifika, andika siku hiyohiyo. Andika kwa mukono wako na maneno yako mengi. Sitalalamika tena kwamba ni mengi.

Nzabandora, shemeji wako


Rubaya, 10/9/2000

Shemeji Mbusa,

Salamu. Mama iko, halali usingizi.

Verdiane alipanda toka Shasha, akaondoka hapa na mutoto mwisho wa mwezi wa saba. Floribert amerudi, anasema kuna mapigano kati ya Masisi na Nyabiondo, na hakuwaona. Muntu mwingine ameleta habari ya wanawake wa vitenge waliorudishwa ku bariere. Mwingine anasema hapana, walipitishwa usiku. Kila anayenieleza naona macho yake yanakimbia. Simuamini hata mumoja, na ninawauliza wote.

Kama amefika na umenyamaza kwa kunilipa, umenilipa. Inatosha.

Niandikie hata mustari moja. Hata wa upumbavu.

Kaka yake Verdiane,
Nzabandora


Kibua, 1/10/2000

Kwa ndugu yangu Nzabandora,

Muamushe mama mukwe kama amelala. Kaa chini wewe mwenyewe, ndiyo usome: wamefika. Verdiane yuko hai, Kétsia yuko hai, Mama Kyakimwa yuko hai na sauti yake yote. Walifika jumatano. Leo ni jumapili ya pili, nisamehe, siku za kwanza nilikuwa natazama tu, kisha nikangojea muntu wa kubeba barua.

Mulikuwa mumesikia kweli na uwongo pamoja. Mapigano yaliwakuta mbele ya Nyabiondo, wakajificha mu mashamba, kisha masista wakawapokea pale misioni na wakimbizi wengine. Walikaa huko wiki nyingi, njia haifunguke wala mbele wala nyuma. Ku bariere ya mwisho walimuuliza jina. Mama Kyakimwa akaanza kelele zake, soda akamunyamazisha, akamuuliza Verdiane mwenyewe. Sijui angejibu nini. Kétsia akasema: «Tunaenda kwa papa, ule alipigaka mifupa.» Soda akasema: «Ya Komanda?» Na wote wakaanza kucheka pale ku bariere, shemeji! Hadisi yangu imefika mbali kuliko nilivyofika mimi. Wakawafungulia kamba.

Usidhani ninajisifu. Nilikuwa na hofu nyingi kuliko wewe, maana mimi nilikuwa na nafasi ya kuwaza mchana kutwa, dukani hakuna mununuzi. Nilifika kuwaza kwamba haukumutuma, kwamba unanidanganya. Nilikuwaza mabaya, na wewe uliniwaza mabaya. Tumelingana, tuache hapo. Sikatae kwamba ulikosa. Lakini muntu aliyekosa kwa kumulinda dada yake, nitamufukuza niende kutafuta shemeji wapi?

Verdiane aliponiona, neno lake la kwanza: «Ulisema umenona.» Akaishika shati ya ndoa, ikanizunguka kama shuka. Nikasema barua zinanonesha. Akalia hapo. Mimi pia, lakini usimuambie Jules.

Sasa, ngozi. Niliilowesha kama mama alivyosema. Nilitaka kuifunga haraka, Verdiane akaninyang'anya nyundo. Alivuta yeye, mimi nikapiga misumari, tukaiweka mu kivuli nyuma ya nyumba. Ni ngozi nzuri kuliko ile ya kwanza, nyembamba, sawasawa kila upande, imekuwa nyeupe kama maziwa. Ilipokauka niliipasha juu ya mbabula nikagonga. Tum. Ile tamu, Nzabandora. Ile ya kule juu. Verdiane alifunga macho.

Kisha mvua ikaja, ikalegea. «Bu.»

Nilikasirika. Nikamuambia ngojea, mufirmie iko na radio ingine, ya mguu wa muzee, nitamuomba, Komanda hana neno na mguu wa muzee. Akasema hapana. Akasema: «Unataka usikike na nani? Mimi niko hapa.» Nikarudisha banjo ku mbabula.

Basi jioni nakaa ndani, Kétsia ananiletea mukaa, napasha, napiga wimbo moja, napasha. Jirani ananiuliza kama niliuza banjo. Jana patroli ilipita hapo nje, viatu vyao nikavisikia vikikaribia, mukono wangu ukataka kusimama. Verdiane akanipa ishara na kidevu: piga. Nikapiga. Kétsia alikuwa anacheza katikati ya nyumba na miguu mitupu. Walipita karibu na ukuta, ningeweza kuwagusa mabega, wakaenda zao wakiongea habari ya sigara. Hakuna aliyegeuka.

Ndugu yako,
Mbusa